Uvumbuzi wa Kazini ni wa Nani?

Ndugu zetu wa jeshi na polisi hushika vyombo mchana na usiku, nao ndio waonao kwanza mapungufu yake. Yamkini kambini mwako yumo fundi aliyekwisha kubuni kifaa kisichopata kuonekana. Kabla hajakionyesha mbele za watu, twapenda ajue habari za John Garand.

Garand alizaliwa Kanada mwaka 1888. Hakuwa askari, bali fundi raia aliyeajiriwa mwaka 1919 katika kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani mjini Springfield. Siku zile askari wa Marekani alivuta komeo la bunduki kwa mkono baada ya kila risasi. Garand akabuni bunduki iliyotumia nguvu ya gesi ya baruti kufungua komeo na kuingiza risasi nyingine yenyewe, hadi nane. Mwezi wa Aprili 1930 aliomba hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, akaipata Desemba 1932. Jeshi likaipokea bunduki hiyo mwaka 1936, na katika Vita Kuu ya Pili zikatengenezwa takriban milioni nne.

Je, alitajirika? La. Haki zake aliikabidhi serikali, akaishi kwa mshahara hadi alipostaafu mwaka 1953. Mswada wa kumtunuku dola 100,000 ulifikishwa katika Bunge la Marekani, haukupita. Sisi twaona alistahili zaidi.

Hapa Uganda, sheria ya mwaka 2014 yalinda uvumbuzi kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba. Lakini kilichobuniwa katika kazi ya ajira huwa cha mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Basi mwenye kifaa na ausome mkataba wake, tena amwarifu mkuu wake kwa barua yenye tarehe.

Asikipeleke kwenye maonyesho, wala asituandikie sisi gazetini, kwani hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Ombi huwa na maelezo, michoro na madai. Hayo madai ndiyo yahitajiyo jicho la mwanasheria, maana lisilodaiwa humo halilindwi. Ombi hupelekwa Kampala katika ofisi ya usajili ya serikali, au Harare kwenye shirika la kikanda, ambako ombi moja laweza kutaja nchi wanachama kadhaa.