Diski ya Breki Iliyokwama kwa Kutu Isiachwe Garini: Fahamu Namna Salama ya Kuiondoa

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

Wamiliki wa magari katika mikoa ya Shinyanga na Geita wanakumbushwa kuwa diski ya breki iliyokwisha muda wake haipaswi kubakizwa garini kwa sababu tu imeshikwa na kutu na kugoma kutoka. Kufunga pedi mpya kwenye diski ya namna hiyo huokoa fedha na muda wa siku moja, lakini huacha hatari kwa dereva, abiria na watembea kwa miguu.

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva anapokanyaga breki, kalipa hubana pedi mbili kwenye pande zake, na msuguano huo ndio unaopunguza mwendo. Kila msuguano huila diski kidogo kidogo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kwenye diski yenyewe unene wa chini unaoruhusiwa, kwa milimita, mara nyingi baada ya herufi MIN TH. Diski iliyopungua chini ya kipimo hicho hupata joto haraka na inaweza kupasuka. Dawa yake ni kuibadilisha, si kuichonga upya.

Kwa nini diski hukwama

Diski hukaa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye bolti za kufungia tairi. Vyuma hivyo viwili vinapokutana, hasa kwenye duara la katikati, kutu hujengeka. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvibana vyuma hivyo kama kabari.

Mazingira ya ukanda wa machimbo huongeza tatizo hilo. Magari yanayopita barabara za udongo za maeneo ya machimbo, kama Nyarugusu na Kakola, hubeba vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Tope lililoganda nyuma ya gurudumu hutunza unyevu hata siku ya jua. Aidha, baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani yametembea katika maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi huharakisha kutu.

Hatua za kuiondoa

Kanuni ya msingi ni kuwa nguvu huja mwisho. Gari liegeshwe mahali tambarare na palipo pagumu, magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi, kisha gari likalie stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, kwa sababu kazi hii huhitaji kugonga na kutikisa.

Tairi likitoka, kalipa na kishikio chake vifunguliwe na kalipa ifungwe kwa waya. Isiachwe ikining'inia kwenye mpira wa mafuta ya breki, kwani mpira unaweza kuchanika kwa ndani bila kuonekana. Fundi aangalie pia kama kuna skrubu ndogo zinazoshikilia diski. Kwa magurudumu ya nyuma, baadhi ya magari huwa na breki ya mkono ndani ya diski; breki hiyo iachiwe na kulegezwa kwanza, la sivyo diski haitatoka hata kama haina kutu.

Baada ya hapo, mafuta ya kulegeza kutu yapuliziwe kwenye duara la katikati na kuzunguka bolti, yaachwe yapenye. Diski nyingi zina matundu mawili yenye hesi; bolti za ukubwa unaofaa zikiingizwa humo na kukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, huisukuma diski itoke sawasawa. Yasipokuwepo, diski igongwe kwa nyundo kati ya bolti, huku ikizungushwa, bila kugusa bolti zenyewe. Fundi avae miwani ya kinga. Diski inayotarajiwa kurudishwa isigongwe kwa nyundo ya chuma. Itumike nyundo ya mpira.

Kuchoma kwa gesi kuachwe kwa fundi mwenye ujuzi. Moto huyeyusha grisi ya beringi, huharibu mipira ya kuzuia mafuta na kihisi cha ABS.

Kabla ya kufunga diski mpya

Habu isafishwe kwa burashi ya waya hadi iwe laini. Mabaki madogo ya kutu huifanya diski mpya ikae upande, na baada ya muda usukani hutetemeka dereva anapofunga breki. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini yanayosababisha saratani. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Diski zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia, pamoja na pedi zake. Kabla ya gari kuondoka, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo.

Wajibu wa mwenye gari

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kutumia barabarani gari lenye hitilafu inayohatarisha watu. Kwa upande wa mafundi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hufundisha ufundi wa magari, na pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani.

Mwananchi anayepeleka gari gereji anashauriwa kuomba aoneshwe kipimo cha unene wa diski na kuiona diski ya zamani ikiwa imetoka. Akiambiwa kuwa diski imegoma, aulize ni hatua zipi zimejaribiwa, na asikubali kuondoka na pedi mpya juu ya diski iliyokwisha.