Gamba la Konokono na Mvua za Zamani

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Ruaruke, nikamkuta bibi akifagia magamba ya konokono chini ya mkorosho. Nilimwomba asiyatupe. Akacheka sana, akasema, "Mjukuu wangu, umepelekwa skuli uje kuokota konokono?" Nikamjibu kwamba ndani ya gamba mna habari za mvua. Hapo akaacha kucheka. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yalipochukua mahindi yake ya bondeni, bibi ana swali moja ambalo humwuliza kila mgeni: je, maji kama yale yalipata kuja zamani? Wasomaji wapenzi, haya ndiyo niliyomweleza, na ndiyo aliyonifundisha yeye.

Konokono hujenga gamba lake kwa kabonati ya kalisi, jamaa ya chokaa na matumbawe. Katika kabonati hiyo mna oksijeni, na sehemu kubwa ya oksijeni hiyo hutokana na maji aliyoyapata konokono, yaani mvua na umande. Sasa, atomu za oksijeni hazilingani kwa uzito. Karibu zote zina uzito wa 16, lakini katika kila atomu 1,000 zipo kama mbili zenye uzito wa 18. Maji yanapokauka, yale mepesi hutangulia kuruka hewani, na mazito hubaki nyuma. Kwa hiyo siku za ukame atomu nzito huzidi mwilini mwa konokono, na gambani vile vile. Lakini katika nchi za joto kama yetu, mvua kubwa ya masika huwa na atomu nzito chache zaidi. Gamba lililojengwa wakati huo hubaki na alama hiyo.

Kaboni nayo ina habari zake. Majani ya miti na mihogo hayana uwiano mmoja wa kaboni na mahindi na nyasi nyingi za nchi za joto. Hivyo gamba huweza kutuambia kama konokono aliishi msituni au mbugani.

Mwaka 1947 Bwana Harold Urey wa Chicago, Marekani, alieleza kwamba oksijeni ya magamba ya baharini yaweza kutumika kujua joto la zamani. Baadaye wataalamu waliwageukia konokono wa nchi kavu. Mwaka 1998 ilitolewa habari ya konokono wa Ethiopia, aina ya Limicolaria. Wataalamu walilipima gamba hatua kwa hatua, kwa kufuata mzunguko wake, wakaona vipimo vikipanda na kushuka kama majira ya mwaka. Kwetu pia magamba ya kale yapo: katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, Unguja, yamefukuliwa magamba ya konokono wakubwa walioliwa na watu wa kale.

Lakini shahidi huyu ataka kuulizwa kwa uangalifu. Kiangazi kikizidi, konokono huziba mlango wake akalala, na gamba halikui. Hivyo siku kavu kabisa hazimo katika kumbukumbu yake. Tena gamba moja ni la konokono mmoja, kwa hiyo yapasa kupima mengi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu wa chini ya mkorosho alikunywa mvua ya hapa. Maji yaliyochukua mahindi yangu yalitoka juu. Yeye atayajuaje?" Nilikosa jibu. Niliporudi skuli nilitazama ramani, nikaona bibi amesema kweli. Rufiji hupata maji yake kutoka Ruaha Mkuu, Luwegu na Kilombero, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu. Basi gamba la Ruaruke litatueleza mvua ya Ruaruke. Atakaye kujua habari za mafuriko, hana budi kuwauliza konokono wa Kilombero na wa nyanda za juu pia.

Kwa kuwa skuli yetu ni ya bweni na tunatoka mahali mbalimbali, naomba tufanye jambo dogo. Kwanza, tuweke chombo cha kupimia mvua, tuandike kipimo kila asubuhi; maana hatuwezi kusoma gamba la kale kabla ya kujua gamba la leo lasemaje juu ya mvua tuliyoipima wenyewe. Pili, kila mmoja alete kutoka kwao magamba kumi matupu, pamoja na karatasi yenye jina la kijiji, tarehe na mahali alipoyaokota. Msiwaue walio hai, na mnawe mikono kwa sabuni, maana konokono huweza kuchukua minyoo ya maradhi.

Mashine ya kupimia uzito wa atomu hatuna. Lakini siku mwenye mashine atakapokuja, atakuta magamba yamekwisha pangwa na mvua imekwisha andikwa. Yangu kumi yamo katika kopo chini ya kitanda changu. Bibi ndiye aliyeyachagua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne