Nuru ya Matumbawe na Udongo wa Mlali

Masika yanapoishukia Mlali, chini ya milima ya Uluguru, mto wa jina hilohilo hujaa udongo wa mashamba ya nyanya na kabichi, ukaupeleka hadi bwawa la Mindu, na ule mwepesi usiotuama bwawani hufuatana na mto Ngerengere, ukaingia mto Ruvu, na hatimaye ukamwagika baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, katika bahari yenye viumbe ambao riziki yao ni mwanga.

Tumbawe, ijapokuwa kwa macho laonekana jiwe, ni jamii ya wanyama wadogo waliojijengea maskani ya chokaa, na ndani ya nyama yao wamekaribisha mwani wasioonekana kwa macho, ambao kwa nuru ya jua huwatengenezea sehemu kubwa ya chakula chao. Wafugaji wa matumbawe katika mahodhi ya kioo, ambao ni wengi huko Ulaya na Marekani, huyashuhudia mambo haya chini ya taa zao. Tumbawe la urujuani likikaa penye mwanga hafifu, mwani wake huongeza klorofili ili wanase kila kipatikanacho, na baada ya wiki chache lote huwa la kahawia. Taa ikizidishwa kidogo kidogo, klorofili hupungua, na rangi za mnyama mwenyewe, ambazo baadhi yake humkinga na ukali wa nuru, hudhihiri tena. Lakini mwenye hodhi akifunga taa mpya za LED na kuziwasha kwa nguvu zote siku ya kwanza, mwani hupata nuru wasiyoweza kuitumia, wakazalisha oksijeni yenye sumu, na mnyama huwafukuza. Hubaki nyama angavu, na chokaa nyeupe yaonekana chini yake. Kwa hiyo mafundi huliweka tumbawe jipya sakafuni mwa hodhi, wakalipandisha taratibu kwa muda wa wiki kadhaa.

Tumbawe hustahimili kivuli na hustahimili jua. Lisichostahimili ni badiliko la ghafla. Tena joto hulipunguzia ustahimilivu: mwaka 1998, bahari ilipopata moto usio wa kawaida, mwamba wa Tutia, kusini ya kisiwa cha Mafia, ulipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake, kwa maana katika maji ya moto hata nuru iliyozoeleka huwa imepita kiasi.

Tope hudhuru kwa njia nyingine. Huikata nuru, kisha chembe zake humtua mnyama mwilini, naye hutoa ute kujisafisha, akitumia nguvu zilezile ambazo mwani gizani hawawezi kumrudishia.

Huko tope linakotoka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Lakini Uluguru ilikwisha kuyakataa kwa ghasia, mwaka 1955, matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyolazimishwa na wakoloni, kwa hiyo sitegemei amri peke yake. Afadhali mkulima wa Mlali aelezwe kwamba udongo unaotia giza baharini umeondoka na rutuba ambayo msimu ujao atainunua dukani kwa mfuko wa mbolea.