Obokano Mbele ya Maikrofoni

Kijana wa Kisii au Nyamira akitamka kwamba anataka kusomea teknolojia ya muziki chuo kikuu, wazee humuuliza: kubonyeza kompyuta nako kunahitaji digrii? Si swali la kupuuzwa. Programu za kurekodi, mtu hujifundisha kwa video za bure, na maprodyuza wengi wazuri hawakukanyaga chuo. Ila video humfundisha mtu vitufe. Sauti yenyewe huwa haigusi.

Chukua obokano, kinubi cha Abagusii chenye nyuzi 8 na bakuli kubwa lililowambwa ngozi. Uzi ukidonolewa hutoa mngurumo mzito, na juu yake mkwaruzo kama wa nyuki mzingani. Prodyuza asiyeujua atauona mkwaruzo huo kuwa uchafu, ausafishe. Kisha atakata kila kilicho chini ya mitetemo 80 kwa sekunde, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa kufanya kwa sauti ya mwimbaji. Wimbo ukifika kwenye simu, obokano haisikiki.

Kila noti ina mtetemo wa msingi, na juu yake mingine yenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne. Noti ya mitetemo 70 kwa sekunde huandamana na 140, 210, 280 na kuendelea. Kispika cha simu hakiiwezi ile 70. Lakini sikio likipata ile ya juu, ubongo hujijazia ya chini, na msikilizaji huapa kwamba amesikia besi. Sehemu kubwa ya mitetemo hiyo ya juu imo ndani ya mkwaruzo. Aliyeusafisha ameinyima simu kile kidogo ilichokuwa na uwezo wa kukitoa.

Ndiyo maana akustika, yaani sayansi ya sauti, hufundishwa darasani, tena kwa hesabu. Elimu hiyo hufichua pia kwamba trei za mayai zinazobandikwa ukutani katika studio nyingi za mitaani hupunguza mwangwi mwembamba kidogo tu. Mvua ya alasiri juu ya mabati hazina nguvu nayo. Kinachozuia kelele ni uzito wa ukuta na dari isiyopitisha hewa.

Kisha kuna Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti ya mwimbaji iliyotoka mwaka 1997. Kwa kawaida huivuta sauti kwenye noti 12 za piano, ilhali nyuzi za obokano hukazwa kwa sikio la mpigaji, na mwimbaji huzifuata. Mashine humsahihisha mtu ambaye hakukosea.

Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Maseno vina idara za muziki. Kabla ya kujaza chaguo lako kwa KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, uliza idara unayoitaka mambo mawili: akustika na mazoezi ya sikio yamo katika silabasi? Na mwanafunzi hupata saa ngapi za studio kwa wiki? Wakikuonyesha kompyuta mpya pekee, tafuta kwingine.