Afisa Akija Ukingoni mwa Mto: Mamlaka Yake, Wajibu Wake na Haki Zako

Mto Chania na Mto Thika hukutana mjini Thika, na maji yake huishia katika Mto Tana. Mto Ruiru na Ndarugu nayo huelekea Mto Athi. Njia zote mbili hufika Bahari Hindi. Uchafu unaomwagwa Ruiru leo utapita kwa watu wengi kabla ya kufika baharini. Ndiyo maana sheria imewapa maafisa kadhaa mamlaka ya kulinda mito hii. Sheria hiyo hiyo imewawekea maafisa mipaka.

Makala haya yanaeleza nani ni nani, anaweza kufanya nini, na wewe mkaazi una haki gani.

Nani ana kazi gani?

*Wakaguzi wa mazingira* hufanya kazi chini ya NEMA, kwa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Wao hushughulikia uchafuzi wa mto, iwe ni maji machafu ya kiwanda, ya chinjio au ya mahali pa kuoshea magari.

*Maafisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA)* husimamia matumizi ya maji ya mto na ya kisima, kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Ukitaka kuweka pampu mtoni, kuchimba kisima au kuzuia maji kwa bwawa, unahitaji kibali chao. Lakini kuteka maji kwa ndoo au mtungi kwa matumizi ya nyumbani, mahali unaporuhusiwa kufika, hakuhitaji kibali.

*Maafisa wa uvuvi* husimamia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kuvua kwa sumu au kwa baruti ni kosa hata kama ni katika mto mdogo.

*Walinzi wa Pwani ya Kenya* walianzishwa kwa sheria ya mwaka 2018. Wengi hudhani kazi yao ni Mombasa na Lamu tu. La hasha. Jukumu lao linafika pia kwenye maji ya bara, na linajumuisha usalama, kuzuia uchafuzi, na kutafuta na kuokoa watu. Usalama wa mashua zinazobeba abiria, pamoja na jaketi za kuokoa maisha, husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Shughuli za Baharini (KMA).

*Maafisa wa utekelezaji wa kaunti* husimamia sheria za kaunti. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi, maji ya mvua, na utekelezaji wa sera za kitaifa za kuhifadhi mazingira.

Anaweza kufanya nini?

Chukua mfano wa mtu anayeosha magari karibu na mto Ruiru. Mkaguzi wa mazingira anaweza kuingia hapo wakati unaofaa, kukagua, kuchukua sampuli ya maji na kuomba kuona leseni na rekodi. Anaweza pia kutoa ilani ya kurekebisha kasoro. Kufunga biashara papo hapo ni jambo zito zaidi: kunahitaji idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA.

Kumzuia mkaguzi kufanya kazi yake ni kosa la jinai. Usimfungie lango wala usimfukuze.

Kuhusu ukingo wa mto, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka eneo la akiba la kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, likipimwa kuanzia pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika juu zaidi. Kabla ya kununua ploti ya ukingoni, uliza kwanza. Mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha kwamba eneo hilo limeachwa kwa sababu.

Ni lazima afanye nini?

Mkaguzi anatakiwa kujitambulisha. Una haki ya kuuliza jina lake, ofisi anayotoka na sheria anayotumia. Omba ilani yoyote iwe kwa maandishi.

Faini kwa kosa la jinai huamuliwa na mahakama, si na afisa aliyesimama mlangoni pako. Ada halali ya kibali hulipwa kwa njia rasmi na hutolewa risiti. Anayekwambia “tumalizane hapa” anakuomba hongo. Mripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), nambari 1551, bila malipo.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kuisha. Muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, utafikishwa siku ya mahakama inayofuata.

Usiporidhika na uamuzi wa NEMA kuhusu leseni yako, unaweza kukata rufaa kwa Mahakama Maalum ya Mazingira ndani ya siku 60. Usingoje siku ya mwisho.

Wewe je?

Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu kushirikiana na serikali kuyalinda. Ukiona maji yamebadilika rangi, samaki wanaelea au lori linamwaga taka usiku, andika tarehe, saa na mahali. Piga picha ikiwa ni salama kufanya hivyo. Kisha peleka taarifa kwa chifu, ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako au NEMA.

Mtu akizama au akibebwa na maji, piga 999 au 112 mara moja. Usijitose mtoni kama huna ujuzi wa kuokoa; rusha kamba, mti au mtungi mtupu uliofungwa vizuri.

Afisa anayefuata sheria hana sababu ya kuogopa maswali yako. Nawe ukiwa na kibali na ukiutunza mto, huna sababu ya kumwogopa.