Manowari Iliyoingia Mtoni

Nilikuwa Garissa, baada ya swala ya alasiri, nimeketi ukingoni mwa Mto Tana pamoja na mzee mmoja wa Kisomali. Mazungumzo yakafikia vita vya 1941, majeshi ya Waingereza yalipopita hapo kwenda Kismayu, na manowari zikawapiga Wataliani kutoka baharini. Mzee akayatazama yale maji mekundu, akaniuliza: “Maalim, manowari yaweza kuingia mtoni?”

Nikamjibu: “Naam, mzee wangu. Imepata kuingia, lakini si hapa. Ni Rufiji.”

Ndugu msomaji, ukifika Ngomeni, Mombasa, utauona mzinga wa manowari ya Kijarumani, Königsberg. Manowari hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza zikabaki nje kulinda milango ya mto, zingeingia zingepwelewa.

Ndipo vikaletwa vyombo viwili vidogo, Severn na Mersey. Vilikuwa vimeundwa Barrow, Uingereza, kwa ajili ya mito ya Brazil. Vita vilipoanza Waingereza wakavinunua wenyewe. Havikuwa na haiba: bapa, vizito, vya mwendo wa polepole. Lakini vilizama majini chini ya pima moja, na juu vimebeba mizinga ya inchi sita. Vilikwisha kupiga pwani ya Ubelgiji, kisha vikavutwa kwa kamba kupitia Suez hadi Mafia.

Tarehe 6 Julai 1915 vikaingia mtoni. Adui hakuonekana kwa msitu, kwa hiyo ndege kutoka Mafia ikawa ndiyo jicho lao, ikiwaarifu makombora yameangukia wapi. Siku hiyo mambo yalikwenda kombo. Mersey ilipigwa, mzinga wake wa mbele ukaharibika, mabaharia wakafa. Wakatoka. Tarehe 11 wakarudi, na mara hii Königsberg ikawaka moto, hata mabaharia wake wakaizamisha kwa mikono yao.

Vyombo vile havikurejea kwao mara moja. Agosti 1916 vilikuwa mbele ya Bagamoyo, vikipiga mizinga ili askari washuke pwani. Mji ule haukuwa na ugomvi na mfalme yeyote wa Ulaya, lakini kombora haliulizi.

Mwaka 1921 vikauzwa kuwa vyuma chakavu. Ama mizinga ya Königsberg iliopolewa, ikapigana barani, na huo mmoja ungali Ngomeni, watoto wakiupanda.

Mzee akacheka kidogo. “Basi aliyeshinda kasahauliwa, na aliyezama ndiye anayetazamwa.” Kisha akanyamaza, akauliza tena: “Na watu wa mto ule, je?”

Hapo sikuwa na jibu. Katika niliyoyasoma nimekuta majina ya manahodha, na hata ya ndege. Jina la mvuvi wa Rufiji, au la mkata boriti aliyekuwa mikokoni asubuhi ile, sikulikuta. Kwa hiyo nakuomba, msomaji: kama babu yako alikusimulia habari za siku zile, kaa uziandike, kabla nazo hazijapelekwa kwa muuza vyuma chakavu.