Mtoto asiyesema: tiba huanza na kikombe cha uji

Ndugu msomaji, katika safu yetu ya leo tutaitazama kazi ya mtaalamu ambaye wengi wetu hatujapata kumuona. Huyu ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, hususan yule anayefanya kazi katika shule na vitengo vya elimu maalumu. Huko ndiko waliko watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji, uziwi na ulemavu wa akili, ambao wengi wao ama hawasemi kabisa, ama wanasema lakini hawaeleweki.

Mzazi akisikia jina la kazi hii hudhani ni mtu wa kukaa na mtoto na kumwambia, "Sema baba, sema mama." Humpeleka mtoto akitarajia kwamba baada ya wiki chache atarudi nyumbani anazungumza. Asipoyaona hayo hukata tamaa. Laiti angekaa darasani siku moja wakati wa uji, angeona kazi yenyewe inaanzia wapi.

Midomo, ulimi, kaakaa na koo tunavyosemea ndivyo hivyo hivyo tunavyolia chakula. Mtoto ambaye misuli ya viungo hivyo haimtii hupata taabu ya kumeza kabla hata hatujafika kwenye maneno. Tuchukue mfano wa binti wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo. Shingo yake haijakaza, na udenda unamtoka muda wote. Nyumbani hulazwa mapajani, kichwa kikatazama juu, uji ukamiminwa mdomoni, na pengine pua ikabanwa ili ameze haraka. Mama hana nia mbaya. Anataka mwanawe ashibe, na ana watoto wengine wanaomsubiri. Lakini mtu akiinua kichwa namna ile njia ya hewa hubaki wazi, na uji huteremkia kwenye mapafu. Matokeo yake mtoto huugua homa ya mapafu mara kwa mara, dawa zinanunuliwa, na hakuna anayekishuku kikombe.

Dalili zake ni hizi: mtoto kupaliwa au kukohoa kila anapolishwa, macho kulengwa na machozi, na sauti kuwa ya majimaji baada ya kumeza. Wapo pia ambao chakula huingia njia ya hewa bila kukohoa hata kidogo, na hao ndio wa kuogopewa zaidi. Kwao dalili pekee huwa ni homa za kifua zisizokwisha na kukonda.

Mtaalamu akimkuta mtoto wa namna hii humkalisha wima kwanza. Kanga iliyokunjwa hutosha kuegemeza kichwa ili kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Hutumia kijiko kidogo kisicho na kina, akakaa mbele ya mtoto usawa wa macho yake, na haongezi kijiko cha pili mpaka cha kwanza kimemezwa. Mara nyingi uji mzito kiasi humezeka kwa usalama kuliko maji au chai, kwa kuwa vitu vyepesi hukimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujifunga. Uzito unaomfaa kila mtoto ni mtaalamu wa kuupima. Akimaliza kula, asilazwe kwa muda wa nusu saa.

Hapa usafi una nafasi kubwa, ndugu msomaji. Wapo wanaoona kwamba mtoto asiyetafuna hana haja ya mswaki. Kinyume chake, mtoto huyu ndiye mwenye haja zaidi, kwa sababu mate yanayoteremka kwenye mapafu yake hubeba vijidudu vya kinywa kichafu. Asafishwe meno na ulimi asubuhi na usiku, akiwa amekaa. Anayemlisha anawe mikono kwa sabuni. Chupa ya kunyonyea ni ngumu kuosha, basi kikombe ni bora. Udenda usisuguliwe bali ukaushwe taratibu kwa kitambaa safi, vinginevyo ngozi ya kidevu huchubuka.

Baada ya chakula ndipo yanafuata mawasiliano, nayo si lazima yawe ya mdomo. Mtaalamu huchora au kukata picha na kuzibandika kwenye boksi gumu: choo, maji, chakula, panauma, sitaki. Mtoto huonyesha kwa kidole, au kwa macho ikiwa mikono haimtii. Picha ya choo ndiyo ningeitanguliza mimi. Ni watoto wangapi wamekatazwa shule kwa kuwa wanajikojolea, kumbe walijua fika kwamba wamebanwa ila hawakuwa na namna ya kusema? Picha ya "panauma" nayo si ndogo. Mtoto asiyeweza kueleza ni nani kampiga au kamfanyia uovu huwa windo rahisi. Wazazi huhofu kwamba picha au lugha ya alama zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Hofu hiyo haina msingi, maana mtoto aliyekwisha kuonja kueleweka ndiye hutafuta maneno zaidi. Vivyo hivyo, kusikia Kiswahili kwa mama na Kihaya kwa bibi hakumchelewishi mtoto.

Kwa yule ambaye hasemi na hajulikani ana tatizo gani, jambo la kwanza ni kupimwa masikio. Homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya utotoni na masikio yanayotoa usaha yote huweza kuharibu usikivu. Mtoto hushtuka mlango ukibamizwa, nyumba nzima ikaamini anasikia, kumbe hasikii maneno. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikiwapandikizia watoto vifaa vya usikivu, lakini kifaa hicho huleta sauti tu. Kuzielewa sauti hizo ni mafunzo ya muda mrefu, na hapo tena anahitajika mtaalamu wetu.

Wengine hukimbilia kukata kimeo. Kimeo hakimzuii mtoto kusema. Kukikata kwa wembe huleta damu nyingi na pepopunda, na kaakaa laini likiguswa, sauti huanza kutokea puani, tatizo ambalo mtoto hakuwa nalo.

Si kila tofauti ya matamshi ni ugonjwa pia. Anayesema "zambi" badala ya "dhambi", au kuchanganya r na l, huenda anafuata lugha ya kwao tu. Walimu wa madrasa wanalifahamu hili, kwani kufundisha makharij ya herufi ni kufundisha ulimi ukae wapi na pumzi ipite wapi, na mtaalamu wa usemi huanza na maswali hayo hayo. Walimu hao wamtazame pia mwanafunzi mwenye kigugumizi. Akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja mara nyingi hakwami, akisimamishwa peke yake anakwama. Hajifanyi. Ndivyo kigugumizi kilivyo, na fimbo hukizidisha. Asikilizwe hadi amalize, bila kumaliziwa neno.

Tatizo kubwa ni uhaba wa wataalamu hawa. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianzisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na hata leo mtaalamu mmoja huweza kuwa na shule nyingi za kuzungukia. Ndiyo maana aliye makini hutumia muda mwingi kumfundisha mwalimu, mama na dada wa kazi kuliko anavyokaa na mtoto mwenyewe. Kijana anayetafuta fani ya kusomea na aifikirie hii, ila ajue kwamba nguo zake zitamwagikiwa uji kila siku.

Wewe mzazi usingoje. Mtoto ambaye hana neno hata moja akiwa na miezi 18, au haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili, au ameacha maneno aliyokuwa nayo, apelekwe hospitali apimwe na uombe rufaa kwa mtaalamu wa usemi. Siku ya kwenda, beba kikombe na kijiko anachotumia nyumbani, pamoja na uji wake kwenye chupa ya chai, ili mtaalamu akuone unavyomlisha.